Kutoka Mtoro hadi Mzururaji: Maana ya Kisheria ya Uvivu na Kukataa Kazi Halali nchini Zanzibar na Tanzania Bara, 1897–2020

Utangulizi

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, alitoa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Amri hiyo hukumbukwa kwa jambo moja kubwa: tangu siku hiyo mahakama hazikutakiwa tena kulinda haki ya bwana juu ya mtumwa wake. Hata hivyo, ndani ya amri hiyohiyo kilikuwamo kifungu cha nne, ambacho hakitajwi mara nyingi. Kifungu hicho kilimtaka kila mtu ambaye uhuru wake umetambuliwa rasmi aoneshe kwamba ana makao ya kudumu na njia ya kujikimu. Asipoweza kufanya hivyo, angetangazwa kuwa mzururaji. Mtu aliacha kuwa mali ya mwenzake kwa sharti la kuthibitisha kwamba hakai bure.

Insha hii inachunguza namna sharti hilo lilivyozaa dhana ya kisheria ya uvivu nchini Zanzibar na Tanganyika, na baadaye Tanzania, hadi Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 na maoni ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya mwaka 2020. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: sheria ilipomwita mtu mvivu, au ilipomtuhumu kwa kukataa kazi halali, ilikuwa inamtuhumu kwa tendo gani hasa? Kosa la jinai kwa kawaida huwa na tendo linaloweza kuonekana na dhamira inayoweza kuthibitishwa. Wizi una kitu kilichochukuliwa. Shambulio lina mtu aliyeumizwa. Uvivu hauna kitu wala majeruhi. Hoja ya insha hii ni kwamba, kwa sababu hiyo, sheria za uvivu hazikuwahi kuadhibu ukosefu wa kazi wenyewe. Ziliadhibu ukosefu wa ushahidi wa kazi ambayo serikali iliyokuwapo madarakani iliitambua kuwa ni kazi, na zikamwachia mshtakiwa mzigo wa kuutoa ushahidi huo.

Msamiati wa uvivu na utoro

Kabla ya kuziangalia sheria zenyewe, inafaa kuyaangalia maneno, kwani lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ambayo vitabu vya sheria vimeificha. Neno mtoro lilitumika katika mwambao kumtaja mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Wakati wa ukoloni neno hilohilo lilihamia kwa kibarua aliyeacha mkataba kabla ya siku zake kutimia, na leo hutumika kwa mwanafunzi asiyehudhuria shule. Katika matumizi yote matatu mtu hahukumiwi kwa kukaa bila kufanya lolote. Mtoro huenda anafanya kazi nyingi kwingineko. Kosa lake ni kutokuwa pale anapotakiwa na mwenye mamlaka juu yake.

Neno kibarua nalo linatokana na barua, yaani hati ndogo. Katika miji ya mwambao watumwa waliokodishwa na mabwana wao kwa kazi za kutwa walijulikana kwa jina hilo, na baadaye likawa jina la kila mfanyakazi wa siku. Neno kipande lilimaanisha kadi ya kuhesabia siku za kazi kule Tanganyika, na hati ya usajili iliyobebwa na wanaume wa Kiafrika kule Kenya. Katika mashamba ya mkonge, wafanyakazi wa mkataba waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Majina haya yote yanaeleza jambo moja: kazi ilikuwa kazi pale ilipoandikwa.

Upande wa pili lipo neno mhuni. Hapo awali neno hili liliweza kumaanisha mtu asiyeoa, asiye na mji wala wa kumtegemea. Katika miongo ya utawala wa Waingereza mjini Dar es Salaam maofisa walilitwaa na kulitumia kwa vijana wasio na ajira inayotambulika, na polepole likabeba maana ya mkorofi na mhalifu. Hali ya ukapera iligeuka kuwa tuhuma. Mabadiliko hayo ya maana yalikwenda sambamba na mabadiliko ya sheria.

Chimbuko la dhana katika sheria ya Uingereza

Dhana iliyoingizwa Afrika Mashariki ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 500. Baada ya tauni iliyoua sehemu kubwa ya watu wa Uingereza katikati ya karne ya 14, vibarua wachache waliobaki walidai ujira mkubwa zaidi. Serikali ya mfalme Edward III ilijibu kwa amri ya mwaka 1349, iliyofuatiwa na sheria ya bunge ya mwaka 1351. Kwa mujibu wa amri hiyo, kila mtu mwenye nguvu aliye chini ya umri wa miaka 60, asiye na ardhi wala ufundi wa kumtosheleza, alilazimika kumtumikia yule aliyemhitaji kwa ujira uliozoeleka kabla ya tauni. Aliyekataa alifungwa. Ilikatazwa pia kumpa sadaka ombaomba mwenye uwezo wa kufanya kazi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba waliolengwa hawakuwa watu wasiotaka kufanya kazi. Walikuwa watu waliotaka kufanya kazi kwa bei nyingine. Tangu mwanzo wake, basi, kukataa kazi halali kulimaanisha kukataa bei iliyopangwa na mwingine, na neno uvivu lilitumika kufunika mgogoro wa ujira.

Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 ilipanga watuhumiwa katika madaraja matatu: wavivu wasio na mwenendo mzuri, malaghai na wazururaji, na wazururaji sugu. Katika daraja la kwanza aliwekwa mtu ambaye anaweza kujitunza yeye au familia yake kwa kazi au kwa njia nyingine, lakini kwa makusudi anakataa au anapuuza kufanya hivyo. Maneno mawili katika maelezo hayo yana uzito. La kwanza ni uwezo: asiyeweza hakuwa na hatia. La pili ni makusudi: ilipasa ithibitike kwamba mtu amekataa, si kwamba amekosa. Maneno hayo yalikuwa kinga, ingawa ndogo, kwa maskini wa Uingereza. Historia ya dhana hii katika makoloni ni kwa kiasi kikubwa historia ya kupotea kwa neno la pili.

Zanzibar: uhuru wenye masharti

Uchumi wa Unguja na Pemba mwaka 1897 ulitegemea karafuu, zao linalohitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Maofisa wa Kiingereza waliomshauri Sultani hawakuwa na shaka kwamba utumwa ulipaswa kuondolewa. Walichohofia ni kwamba walioachwa huru wangeyaacha mashamba. Kifungu cha nne cha amri kilijibu hofu hiyo. Kiliwaweka walioachwa huru chini ya kodi au kazi za serikali ambazo raia wengine wangeweza kutozwa, kisha kikaongeza sharti la makao na njia ya kujikimu.

Kwa mtazamo wa kisheria, kifungu hicho kilifanya mambo mawili. Kwanza, kilihamisha mzigo wa uthibitisho. Haikuwa juu ya serikali kuonesha kwamba mtu ni mzururaji. Ilikuwa juu ya mtu kuonesha kwamba si mzururaji. Pili, kiliunganisha kazi na mahali. Mtumwa wa zamani asiye na shamba lake mwenyewe angeweza kuwa na makao ya kudumu kwa njia iliyokuwa wazi kuliko nyingine zote: kubaki katika ardhi ya yule aliyekuwa bwana wake na kumfanyia kazi badala ya kodi. Uhuru wa kuondoka ulikuwapo katika maandishi, lakini aliyeutumia bila kuwa na mahali pa kwenda aliingia katika hatari ya kushtakiwa. Ni dhahiri kwa nini walioachwa huru walithamini sana kupata sehemu ndogo ya kulima au kibanda mjini. Mbali na chakula na hifadhi, sehemu hiyo ilikuwa ushahidi.

Bara: kodi, kipande na sheria ya bwana na mtumishi

Upande wa bara, utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na mwenye kukosa fedha aliweza kuilipa kwa kazi. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya sasa, ulianzishwa mwaka 1907 utaratibu wa kipande. Chini ya utaratibu huo kila mwanamume aliyehusika alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo achukuliwe kwa kazi za serikali. Wakulima wa Usambara walikuwa na mashamba ya mahindi na migomba, na wengi wao walifanya kazi mwaka mzima. Kazi hiyo haikuandikwa katika kadi, hivyo mbele ya utaratibu wa kipande haikuwapo.

Kenya inatoa mfano unaoeleza zaidi mantiki hiyo. Mwezi Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowaagiza maofisa wa wilaya na machifu wawahimize wanaume kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Waraka huo ulizusha upinzani kutoka kwa wamisionari na wabunge wa Uingereza, na mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, aliagiza kwamba maofisa wasishiriki tena katika kuwatafutia waajiri binafsi vibarua. Lakini katikati ya miaka hiyo, mwaka 1920, marekebisho ya sheria ya mamlaka za wenyeji yaliruhusu wanaume kulazimishwa kufanya kazi za serikali kwa malipo hadi siku 60 kwa mwaka, na yakamsamehe yule aliyekuwa katika ajira kwa miezi mitatu ya mwaka uliotangulia. Hapa maana ya kisheria ya uvivu inasomeka kwa hesabu: asiye mvivu ni yule aliyeajiriwa miezi mitatu. Mkulima aliyelisha familia yake miezi yote 12 hakuingia katika hesabu hiyo.

Tanganyika ilikuwa katika hali tofauti kidogo kwa sababu ilitawaliwa na Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Masharti ya udhamini ya mwaka 1922 yalikataza kazi ya shuruti isipokuwa kwa kazi muhimu za umma na kwa malipo ya kutosha. Kwa hiyo shuruti ya wazi kwa faida ya mwajiri binafsi haikuwezekana kuandikwa katika sheria. Badala yake shuruti iligawanywa katika sheria kadhaa, ambazo kila moja ikisomwa peke yake ilionekana kuwa na lengo jingine.

Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya muda, au kukataa amri halali ya mwajiri, kuwa kosa la jinai. Katika sheria ya kawaida ya mikataba, anayevunja mkataba hudaiwa fidia; chini ya sheria hii mfanyakazi aliweza kufungwa. Sheria ya Watu Wasiojiweza ya mwaka huohuo wa 1923 ilimruhusu hakimu kumhoji mtu asiye na ajira na asiyeweza kuonesha njia dhahiri na ya kutosha ya kujikimu. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, iliyochukua nafasi ya ile iliyoazimwa India, ilibeba majina ya madaraja ya Uingereza ya mwaka 1824. Hatimaye, mwaka 1944, ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, iliyompa mkuu wa wilaya uwezo wa kumrudisha kwao mtu asiye na ajira ya kudumu wala njia ya heshima ya kupata riziki.

Sheria hizi zikisomwa kwa pamoja zinaonesha duara lililofungwa. Mwenye mkataba hakuruhusiwa kuuacha. Asiye na mkataba hakuruhusiwa kukaa mjini. Aliyerudi kijijini alidaiwa kodi ambayo fedha yake ilipatikana kwa mkataba. Katika duara hilo neno kukataa lilipoteza maana yake ya asili. Sheria ya 1824 ilidai kwamba mtu awe amekataa kwa makusudi. Sheria za Tanganyika zilitosheka na kwamba mtu hana cha kuonesha. Kifungu cha 177 cha Kanuni ya Adhabu, kwa jinsi kinavyosomeka hadi leo, kinamgusa mtu anayeshukiwa ambaye hana njia dhahiri ya kujikimu na ambaye hawezi kujieleza ipasavyo. Tendo linaloadhibiwa ni kushindwa kumridhisha askari au hakimu kwa maelezo.

Uhuru na Kazi

Ingetarajiwa kwamba uhuru wa mwaka 1961 ungefuta sheria hizi. Mwaka 1962 Tanganyika iliridhia mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani. Mkataba namba 29 wa mwaka 1930 unaeleza kazi ya shuruti kuwa ni kazi anayotakiwa mtu kuifanya kwa tishio la adhabu na ambayo hakujitolea mwenyewe kuifanya. Mkataba namba 105 wa mwaka 1957 unakwenda mbele zaidi na kukataza shuruti hata pale inapotumika kukusanya nguvu kazi kwa ajili ya maendeleo ya uchumi. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kilichokuja kugongana na siasa ya nchi changa.

Uongozi wa TANU ulikuwa na sababu zake za kuheshimu wajibu wa kufanya kazi, na sababu hizo hazikutoka Uingereza. Mwaka 1962, katika andiko lake juu ya msingi wa ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alieleza kwamba katika jamii ya jadi hapakuwa na nafasi ya mnyonyaji, awe tajiri anayeishi kwa jasho la wengine au mvivu anayekula bila kulima. Kaulimbiu ya Uhuru na Kazi ilibeba fikra hiyohiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kwamba katika nchi ya kijamaa kila mwenye uwezo hufanya kazi, na lilisema wazi ni wapi uvivu ulipo: wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, ilhali wanaume wa vijijini, na baadhi ya wanawake wa mijini, hupumzika nusu ya maisha yao.

Ni muhimu kuipima fikra hiyo kwa haki. Hoja kwamba wajibu wa kazi ni wa asili katika jamii za Kiafrika ina ukweli ndani yake, na haiwezi kutupwa kama propaganda. Hata hivyo, methali yenyewe inaeleza masharti ya wajibu huo. Mgeni hupewa jembe. Maana yake anapewa pia mahali pa kulima, na anakaribishwa kuingia katika jamii itakayogawana naye mavuno. Anayekataa jembe huonekana kwa macho ya wenyeji kuwa amekataa, na adhabu yake ni aibu au kuondoka. Wajibu wa namna hiyo ulikuwa na pande mbili. Ulipochukuliwa na serikali na kuunganishwa na vifungu vya uzururaji vilivyorithiwa kutoka ukoloni, upande wa pili ulikatika. Kanuni ya Adhabu haikuwa na jembe la kumpa mtu. Ilikuwa na kifungo tu.

Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983

Katika miaka ya 1970 zilifanyika operesheni za kuwaondoa mijini watu walioonekana hawana kazi, ikiwamo ile ya mwaka 1976 iliyojulikana kwa jina la Kila Mtu Afanye Kazi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 hali ya uchumi ilikuwa mbaya zaidi. Vita vya Kagera vya 1978–1979, kupanda kwa bei ya mafuta na upungufu wa chakula vilibana serikali, na bidhaa muhimu ziliadimika madukani. Edward Sokoine, aliyerudi katika nafasi ya Waziri Mkuu Februari 1983, aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na katika mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, namba 6 ya 1983.

Sheria hiyo iliweka utaratibu wa kuhakikisha kwamba kila mtu mwenye uwezo anashiriki katika kazi ya uzalishaji mali au kazi nyingine halali. Mamlaka za serikali za mitaa zilitakiwa kuandikisha wakazi na waajiriwa, na waziri alipewa uwezo wa kupanga uhamisho wa wasio na kazi kwenda mahali penye kazi. Sheria iliunganishwa na vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 176, kama kinavyosomeka katika toleo lililorekebishwa la mwaka 2002, kinamhesabu kuwa na hatia mtu mwenye nguvu asiyejishughulisha na kazi yoyote ya uzalishaji na asiye na njia dhahiri ya kujikimu. Kinamhesabu vilevile mwajiriwa ambaye, bila sababu halali, anakutwa akifanya shughuli zake binafsi katika saa za mwajiri. Kipengele hicho cha pili kinastahili kuangaliwa kwa makini. Sheria ya mwaka 1923 ilikuwa imekwisha kuondoka, na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 1955, lakini utoro wa kibarua ulikuwa umerudi katika jinai kwa mlango mwingine.

Tatizo kuu la kisheria lilikuwa katika maneno kazi ya uzalishaji. Katika uchumi wa mwaka 1983 mshahara wa mtumishi wa serikali haukutosha kuilisha nyumba mwezi mzima, na familia nyingi za mijini ziliishi kwa miradi midogo: kuuza maandazi na vitumbua, kufuga kuku, kushona, kuuza mkaa. Mtumishi mwenye kitambulisho alihesabiwa kuwa mfanyakazi, hata kama kilichoilisha familia yake ni meza ya vitumbua ya mkewe. Muuza karanga aliyetembea mji mzima tangu alfajiri alihesabiwa kuwa mzururaji, na kule kutembea kwake, ambako ndiko kulikokuwa kazi, kukawa ushahidi dhidi yake. Azimio la Arusha lilikuwa limemtafuta mvivu zaidi kwa wanaume wa vijijini. Sheria ya 1983 ilimtafuta mitaani mjini, mahali ambapo wengi walikuwa wakihangaika kutwa. Waliokamatwa na kupelekwa vijijini walirejea mjini baada ya muda, kwa kuwa sababu zilizowaleta zilikuwa bado zipo.

Wasomi wa sheria walikwisha kuliona jambo hilo mapema. Mwaka 1984 Leonard Shaidi, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha makala iliyoichambua sheria hiyo kuwa hatua ya kukata tamaa katika hali ya kukatisha tamaa. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Kazi Duniani nayo iliitaja sheria hiyo mara kwa mara katika maoni yake kwa serikali, ikiegemea mikataba ileile iliyoridhiwa mwaka 1962.

Baada ya 1983: katiba, leseni na mahakama

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliingiza Hati ya Haki za Binadamu, na ndani yake mvutano huu wote umehifadhiwa. Ibara ya 22 inatambua haki ya kufanya kazi. Ibara ya 25 inaifanya kazi kuwa chimbuko la ustawi na kipimo cha utu, na kumpa kila mtu wajibu wa kushiriki kwa kujituma katika kazi halali. Kisha ibara hiyohiyo inakataza kazi ya shuruti, na baada ya hapo inaorodhesha kazi ambazo hazitahesabiwa kuwa za shuruti. Ibara ya 13 nayo inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla ya hatia yake kuthibitishwa. Kifungu kinachomtaka mtu ajieleze ili asihukumiwe hakikai kwa amani pamoja na ibara hiyo.

Maisha yalileta ufumbuzi wa aina yake kabla ya mahakama. Wafanyabiashara wadogo, waliokuwa wakikimbizwa kwa jina la nguvu kazi, walianza kupewa leseni ndogo zilizojulikana mitaani kwa jina la leseni ya nguvu kazi. Muuza karanga yuleyule, mwenye sinia lilelile, akawa mfanyakazi kwa sababu alikuwa na karatasi. Mabadiliko hayo yalikuwa nafuu kubwa kwa waliohusika. Kwa mtafiti yanathibitisha hoja ya msingi: kilichobadilika hakikuwa kazi wala bidii ya mtu, bali utambuzi wa serikali.

Nje ya Tanzania sheria za asili moja zilianza kuanguka. Kenya iliifuta Sheria yake ya Uzururaji katika mabadiliko ya mwaka 1997. Mwezi Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi, katika shauri la mfanyabiashara mdogo Mayeso Gwanda, aliyekamatwa akielekea kuuza mifuko ya plastiki, ilibatilisha kipengele kinachofanana na kile cha Tanzania kuhusu mtu anayezurura katika mazingira ya kutiliwa shaka. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa zinawabagua maskini na zinaruhusu watu kukamatwa kiholela. Mahakama hiyo iliongeza kwamba nchi husika zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu. Yanabaki kuwa kipimo ambacho vifungu vya 176 na 177 vitaendelea kupimwa nacho, na yalitolewa na mahakama yenye makao yake Arusha, mji uleule ulioipa jina lake tamko la mwaka 1967.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba maana ya kisheria ya uvivu ilipitia hatua nne. Katika Uingereza ya karne ya 14 ilikuwa ni kukataa bei iliyopangwa. Zanzibar mwaka 1897 ilikuwa ni kukosa makao na njia ya kujikimu baada ya kuachwa huru. Katika Tanganyika ya ukoloni ilikuwa ni kukosa ajira inayoandikika, pamoja na kuivunja ile iliyoandikwa. Katika Tanzania ya mwaka 1983 ilikuwa ni kutokuwamo katika kazi iliyoitwa ya uzalishaji. Katika hatua hizi zote tendo la kukataa lilifinyika na tuhuma ikapanuka, hadi ikatosha mtu kuwa maskini mahali asipotakiwa.

Matokeo hayo hayafuti thamani ya wajibu wa kufanya kazi, ambao jamii za nchi hii ziliutambua kabla ya kuja kwa sheria yoyote iliyoandikwa. Yanaonesha kwamba wajibu huo hauwezi kugeuzwa kuwa kosa la jinai bila kwanza kutimizwa masharti mawili ambayo methali ya jembe inayachukulia kuwa yapo: kwamba kazi ipo na imetolewa, na kwamba aliyepewa ameikataa kwa hiari yake. Pale masharti hayo yanapokosekana, mahakama haina kosa la kuhukumu. Inabaki na mtu ambaye hana karatasi.